Ubishi wa Kijani na Joto

Kiprono hakuniambia kwamba Ochieng amekufa. Alinipigia simu nikiwa Malaba, nikifunga kibanda changu jioni, akasema, "Msichana wa mizani, yule mtu wa joto amepoa." Malori yakaendelea kunguruma kwenye foleni ya mpakani. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kuniita msichana wa mizani. Sasa nina arobaini na kitu, magoti yananiuma mvua ikitaka kunyesha, nimeishi katika miji ambayo siwezi kuitaja yote bila kusahau mmoja, na sidhani kuna hata mmoja niliouaga vizuri. Lakini aliposema vile, kitu cha kwanza kilichonijia ni harufu ya omena, dagaa wa ziwani, zikikaangwa kwenye veranda ya ploti moja ya Kaplong, na sauti za wanaume wawili wakibishana ni darubini ipi inayoona risasi vizuri zaidi gizani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kupima majani chai katika banda la wakulima, mwendo mfupi kutoka barabarani. Nilipanga chumba katika ploti ya mbao nyuma ya posho mili. Vyumba vilikuwa vimepangana kama masanduku, kuta zimebandikwa magazeti kuzuia upepo, na zilikuwa hazifiki kwenye mabati. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya mkono mzima. Kupitia hapo nilipata mwanga wa koroboi ya jirani bila kuomba, moshi wake bila kutaka, na maneno yake yote. Upande wangu wa kushoto walikaa Kiprono na Ochieng, walinzi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha majani. Walikuwa wametoka jeshini pamoja, na kabla ya kutoka walikuwa wametumwa pamoja nchi ya mbali kulinda amani. Nchi hiyo sikuwahi kusikia wakiitaja kwa jina. Waliiita "kule". Kule kulikuwa na vumbi, kule kulikuwa na mbuzi wa miguu mirefu, kule chai ilinywewa bila maziwa kama dawa.

Walikula saa kumi, kabla ya kwenda kazini, na ubishi ulianza na chakula. Ochieng alikuwa mtu wa ziwani, mfupi, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Yeye ndiye aliyepika. Kiprono alikuwa mrefu na mkimya, wa upande wa Longisa, na kila alipoona omena alisema hawezi kula kitu kinachomwangalia. "Omera, Koplo," Ochieng angejibu, "hawa wanakuangalia na macho mawili mawili, na bado wanaona kuliko ile mashini yako ya kijani." Basi ubishi ungekuwa umeanza. Mimi ningekuwa upande wa pili wa magazeti, nikisonga ugali wangu, nikijua maneno yatakayofuata kama mtu ajuavyo sala.

Nilielewa polepole, kwa kusikiliza. Bunduki ya rashasha hulishwa mkanda wa risasi, na kati ya risasi za kawaida huwekwa moja moja zinazowaka moto mkiani ili mpigaji aone zinaelekea wapi. Hizo waliziita tresa. Kiprono ndiye aliyekuwa mpigaji. Juu ya bunduki yake palikuwa na darubini inayokusanya vijimwanga vya nyota na kuvizidisha, dunia nzima ikaonekana ya kijani. Ochieng alilala kando yake akiwa na chombo kingine, kikubwa kama debe la kilo mbili. Walikuwa wameazimwa na wanajeshi wa nchi nyingine, na chenyewe hakikujali mwanga kabisa. Kilitazama joto. Jiwe lililoshinda juani, mbuzi, injini, mtu, kila chenye moto wake kilitokea cheupe juu ya weusi.

"Tresa ikitoka," Kiprono alikuwa akisema, "mimi naona laini. Imenyooka kama kamba ya kuanika nguo. Najua iko juu, iko chini, narekebisha. Wewe unaona punje tu zinaruka kama mahindi kwa sufuria."

"Wewe ukipiga tresa, hiyo kijani yote inavimba. Inakuwa kama mtu amekumulika tochi kwa macho. Sasa hapo unarekebisha nini?"

"Inavimba kidogo halafu inarudi."

"Ikirudi mambo imeisha! Na tena wewe unaona moja kwa tano. Zile zingine hazina mkia wa moto, hizo huoni. Mimi naona zote, sababu zote ni moto. Hata moshi ikuje, mimi napita na macho. Wewe ukipata ukungu kama hii ya Kaplong, si ni heri ufunge macho uombe?"

"Soma jina kwa lori na hiyo joto yako basi. Niambie huyu amevaa nguo ya jeshi ama amevaa blanketi."

Darubini ya joto haisomi rangi wala maandishi. Kiprono naye hakuacha. "Na bila ile chupa ya gesi ya kuipoesha ni bure. Gesi ikiisha unaangalia ndani ya kiatu."

"Si ndiyo maana nilikuwa na punda wa kubeba chupa," Ochieng angesema, na Kiprono, ambaye ndiye aliyezibeba kila walipopanda kilimani, angejibu, "Punda ameshukuru." Wangecheka. Halafu sahani zingegongana kwenye karai, na ningesikia buti zikivaliwa.

Siku moja nilijitia katika ubishi huo bila kualikwa. Kazini kwangu nilikuwa nimefundishwa kwamba majani chai hayakaguliwi kwa macho peke yake. Mchumaji akiyashindilia kikapuni ili yaingie mengi, au lori likichelewa, majani ya katikati hupata joto, yakaungua na kuwa mekundu, huku ya juu yakibaki ya kijani kibichi kama yamechumwa sasa hivi. Kwa hiyo kabla ya kutundika kikapu kwenye mizani, karani huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukikutana na uvuguvugu, unamwaga majani sakafuni na kuchambua, mwenye majani akikutukana na ukoo wako wote. Nilisimama mlangoni mwao nikawaeleza hivyo. Ochieng alijipiga mapajani kwa furaha. "Umesikia? Hata mizani iko upande ya joto!" Kiprono akasema bila hasira, "Na hayo majani ukishajua imeungua, unayafanya nini?" Nikasema yanamwagwa. "Basi," akasema, "angalau wewe uko na mahali pa kumwaga." Kuanzia hapo wakaniita msichana wa mizani, nami nikaruhusiwa kuleta ugali wangu upande wao.

Nilipoanza kukaa nao ndipo nilipogundua kwamba ubishi ule ulikuwa na ukingo. Walizungumza juu ya tresa kwa jumla, juu ya mazoezi, juu ya usiku huu na ule. Lakini kila walipokaribia usiku wa mto mkavu, mmoja wao aliomba chumvi. Nilikuja kuujua usiku ule vipande vipande. Walikuwa kilimani juu ya mto usio na maji. Risasi zikaja kutoka ng'ambo, Kiprono akajibu. Aliona laini ikienda, kijani kikavimba, kisha laini ikazimika njiani. Tresa huzimika ikifika mbali, moto wa mkiani huisha, lakini risasi yenyewe haijui kwamba imezimika. Inaendelea. Mahali ilipofika, darubini ya kijani haikuwa na cha kumwonyesha. Asubuhi, kabla ya mtu kwenda kutazama, kikosi kikaamriwa kuhama. Kiprono akarudi nyumbani Kenya bila kujua kama kule ng'ambo aliua mtu, mbuzi, au mchanga.

Kila Jumamosi mama yake alikuja. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu ya kanisani, na alibeba kibuyu cha mursik kwa ukanda wa ngozi begani. Maziwa hayo yalikuwa ya ng'ombe wa boma lake, yamegandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti mpaka yakawa na rangi ya mbingu ya mvua. Kwao mtu akirudi kutoka safari ndefu hupokewa kwa mursik mlangoni, hata kabla ya kuulizwa habari. Kiprono alikuwa amerudi Kenya zaidi ya mwaka mmoja na hakuwa ameufikia mlango huo. Alipanga chumba Kaplong, karibu kiasi kwamba mama yake aliweza kumfikia, na mbali kiasi kwamba hakulazimika kuingia bomani. Basi mama akaamua kumletea mapokezi mahali alipo. Kila Jumamosi aliweka kibuyu mezani, kila Jumamosi Kiprono alimsalimu kwa heshima, akampa kiti kizuri, akamuuliza habari za ndama, na hakugusa kikombe.

Sababu niliisikia siku moja kupitia juu ya ukuta, kwa Kiswahili, kwa sababu Ochieng alikuwepo na mama hakutaka kumfungia nje ya maneno. Babu zao walishika kwamba mtu aliyemwaga damu hanywi maziwa ya nyumbani kabla ya kuoshwa mikono na wazee.

"Hiyo ni maneno ya zamani, lakwet," mama alisema, maana yake mtoto. "Sisi ni watu wa kanisa. Kama umefanya, utaoshwa, pastor ataomba, utakunywa. Kama hujafanya, kunywa sasa."

"Mama, kama nimefanya kuna kuoshwa. Kama sijafanya kuna maziwa. Mimi sijui. Ya sijui hakuna kitu."

"Si uende uoshwe tu basi."

"Wazee wataniuliza, umeua? Niwaambie nini? Nidanganye wakiniosha?"

Mama aliacha kibuyu mezani. Maziwa hayakurudishwa bomani, maana hata yeye aliona vibaya kubeba kibuyu kilichojaa kurudi nacho. Kwa hiyo tuliyanywa mimi na Ochieng. Mwanzoni Ochieng aliyaogopa. "Mama, hii maziwa iko na makaa." Mama akamwambia samaki wake wako na miiba na hakuna mtu amelia. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa akimngoja mama huyo barabarani Jumamosi, akimpokea kibuyu, akimwambia "kongoi", yaani asante, kwa lafudhi iliyomfanya mama acheke akiziba mdomo. Nilinenepa mwaka ule. Nilipokelewa kila wiki kutoka safari ambayo sikuwa nimekwenda. Baadaye, katika miji mingine, nimekaribishwa kwa soda, kwa risiti ya kodi ya nyumba, kwa mbwa, na mara nyingi kwa ukimya, na kila mara ulimi wangu ulitafuta ule uchachu wenye majivu.

Sijui kama mama huyo angeuliza juu ya usiku ule kama isingekuwa mvua ya mawe. Yeyote aliyeishi upande huo anajua jinsi inavyokuja, mchana ukiwa mweupe kabisa, kisha mlima unapotea, kisha mashamba ya chai yanaanza kusikika kabla hujaona kitu. Jumamosi hiyo ilitukuta sote chumbani mwao, mama, wanawe wawili kama alivyoanza kuwaita, na mimi. Mabati yalipiga kelele hata hatukuweza kusemezana. Tulikaa tukitazamana. Mawe yaliingia kwa mlango na kuviringika chini ya kitanda. Nilifikiria vichaka vya chai vinavyochanwa huko nje, na jinsi wiki hiyo mizani ingekuwa tupu. Ochieng alikuwa na sahani ya omena mapajani na hakula. Kiprono alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Ilipokoma, ilikoma ghafla.

Mama akamgeukia Ochieng. "Wewe ulikuwa karibu na yeye. Ile siku ya mto."

"Nilikuwa, Mama."

"Na ulikuwa na ile kitu ya kuona."

Ochieng akaanza kueleza chombo. Akaeleza joto, akaeleza jinsi jiwe linavyoweza kufanana na mgongo wa mtu, akaeleza umbali. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikitetea chombo chake vibaya. Mama alimwacha aende mpaka mwisho.

"Mimi siulizi mashini," akasema. "Nakuuliza wewe."

Ochieng aliweka sahani sakafuni. Hakumtazama Kiprono. Alitazama kibuyu. "Mtu mmoja alianguka, Mama," akasema. "Alikuwa mweupe kama hii maziwa ikiwa haijatiwa mkaa. Akakaa pale. Nikamwangalia mpaka akaanza kufanana na mchanga. Mpaka akapoa."

Nilitegemea mama alie. Hakulia. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo, akatafuta kifuniko cha kibuyu, akakifunga kwa kukizungusha pole pole. "Basi," akasema. "Sasa tunajua la kufanya." Kiprono alisimama. Alikuwa na sura ambayo kwa miaka mingi niliiita ya huzuni, kwa sababu sikuwa na jina lingine. Aliokota koti, akamtazama Ochieng kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama mtu, akambebea mama yake kibuyu, wakatoka wakikanyaga mawe yaliyokuwa yakiyeyuka njiani. Ochieng alirudia sahani yake. Alikula zote, baridi, na siku hiyo hakuna aliyemtania kuhusu macho.

Yaliyofanyika kule bomani siyajui. Hayakuwa ya kusimuliwa kwa mtu kama mimi, na sikuuliza. Kiprono alirudi baada ya wiki kuchukua vitu vyake, kichwa kimenyolewa, akinuka moshi na maziwa. Alisema anaacha kazi, baba mdogo amemgawia vichaka vya chai, na kuna ng'ombe wa kukamuliwa. Ochieng alibaki miezi michache, akapata kazi Kisumu. Chumba kile kikapangwa na fundi redio aliyekuwa na tabia nzuri na hakuwa na maneno yoyote. Mwaka ulipoisha niliacha mizani. Nilisema ninakwenda kutafuta kazi bora, na nadhani niliamini hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeonja kukaa karibu na jambo la watu wengine, likafungwa, na mlango wangu mwenyewe haukuwa na wa kuningoja na kibuyu.

Mazishi yalikuwa upande wa ziwa, kwa kina Ochieng, mchana wa jua kali. Nilifika nimechelewa kidogo, kama ninavyofika kila mahali. Kiprono nilimtambua kwa urefu. Ameinama kidogo sasa, na begani alikuwa na kibuyu chenye ukanda wa ngozi. Mama yake ameshatangulia, kwa hiyo maziwa aliyagandisha mwenyewe. Shemeji za Ochieng walikuwa wamemzunguka wakichungulia ndani, na mmoja akauliza kama ni maziwa ama ni rangi ya kupaka nyumba. "Ndugu yenu alikunywa mwaka mzima," Kiprono aliwaambia. "Muulizeni." Wakacheka, kisha wakakumbuka pale walipo, wakaacha.

Baada ya udongo kurudishwa tulikaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, sahani za samaki zikipita. Alinimiminia mursik kwenye kikombe cha bati. Uchachu ulikuwa uleule. Nikamuuliza, kwa kutania, sasa mwenyewe amekwenda, aseme ukweli, ni ipi ilikuwa bora, ya kijani ama ya joto.

"Ya kijani," akasema upesi, na midomo ikamcheza. Kisha akatazama kule kwenye kaburi, mahali watoto walikuwa wakifukuzwa wasikanyage maua. "Ile yake ilikuwa bora. Lakini si usiku ule. Usiku ule ilikuwa imekufa."

Sikuelewa, nikamwambia sijaelewa.

"Gesi iliisha kabla tupigwe. Alikuwa anaangalia ndani ya kiatu. Hakuona mtu. Hakuona mbuzi. Hakuona kitu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamkumbusha mtu mweupe kama maziwa, mtu aliyepoa mpaka akafanana na mchanga. Nilimuuliza kwa nini rafiki yake amwambie mama kwamba ameua, badala ya kumwambia hapana, hajaua.

"Angesema hapana, Mama hangeamini. Hapana ni kitu rafiki hukupatia. Angesema hajui, tungerudi palepale." Aligusa ukanda wa kibuyu. "Lakini ndiyo, hiyo iko na maji ya kuosha. Akachukua hiyo, akanibebea. Na mimi nikaenda nikaoshwa. Wazee wakaniuliza, nikasema, kuna mtu aliona."

Mtu mmoja alikuja kutupa mkono, tukampa. Alipoondoka nilibaki nikifikiria sura ile ya Jumamosi ya mawe, ile niliyoiita huzuni, na jinsi alivyomtazama Ochieng. Alikuwa amejua palepale, basi.

"Na Ochieng," nikauliza, "alijua kwamba wewe unajua?"

Kiprono alichukua kifuniko, akakizungusha mdomoni mwa kibuyu pole pole, kama mama yake.

"Sasa, msichana wa mizani," akasema, "punda wa zile chupa alikuwa nani?"